Seti ya kutolea DNA kwa kuvu wa mkarafuu: uzoefu wangu

Miezi minne sasa natumia seti hii ya kutolea DNA, yenye vichujio vya silika vinavyoishika DNA huku uchafu ukioshwa. Kazi yangu ni kuvu wanaoishi ndani ya majani na mizizi ya mikarafuu. Sampuli nazichukua Wete na Konde, kisiwani Pemba, nazivusha kutoka Mkoani hadi Unguja zikiwa zimekaushwa ndani ya vichupa vya silika jeli. Barafu nimeiacha, joto letu haliivumilii.

Kwa kuvu niliyemwotesha peke yake kwenye sahani ya viazi na agari, seti inastahili bei yake. Chini ya saa mbili umemaliza, bila harufu ya klorofomu, na uwiano wa 260/280, kipimo cha mwanga kinachoonyesha kama DNA ina protini, nilipata 1.8 mpaka 1.9, yaani DNA safi.

Jani au mzizi wa mkarafuu ni habari nyingine kabisa. Mchanganyiko uligeuka rangi ya chai kavu, vichujio vikaziba, uwiano wa 260/230, unaoonyesha uchafu kama fenoli na sukari, ukashuka hadi 0.6 na PCR, njia ya kuzidisha nakala za DNA, haikutoa kitu. Eugenoli, mafuta ya harufu tunayoisifia karafuu, ni fenoli; ukiongeza tanini na sukari nzito za mmea, bafa ya kwanza ya seti, yaani kimiminika cha kupasulia seli, inaelemewa. Maelekezo hayasemi hata neno moja juu ya mimea ya namna hii, na hilo limenikera, kwani sampuli zangu sita za mwanzo zilipotea hapo.

Nilichofanya: sampuli kavu nazisaga kwa kinu kilicholala kwenye friza, pamoja na mchanga safi, mpaka ziwe laini kama unga wa mchele. Usipuuze hatua hii, ukuta wa seli za kuvu una kitini, kitu kigumu, na kutikisa tu hakuuvunji. Kisha natia CTAB 2% (sabuni ya kupasulia seli), chumvi 1.4 M, PVP 2% (ya kunasa fenoli) na merkaptoethanoli kidogo (ya kuzuia fenoli zisigeuke rangi), nyuzi 65 kwa dakika 45. Naosha mara mbili kwa klorofomu na pombe ya isoamili, 24 kwa 1. Maji ya juu ndiyo nayachanganya na bafa ya kuishikisha DNA kwenye silika na kuyapitisha kwenye kichujio.

Alhamdulillahi, 260/230 ikapanda mpaka 1.9, na kwa praima za ITS1F na ITS4, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR ya kuvu, mistari ya DNA ikatoka wazi kwenye jeli.

Vichujio na bafa za kuoshea ni vizuri sana, nitaviagiza tena. Muuzaji angeviuza peke yake ningeshukuru. Chupa ya bafa ya kwanza kwa majani haya siigusi.