Kupiga picha mvua ikinyesha: ukinge kamera kwa mwavuli au mfuko wa plastiki?

Mi nimetumia vyote viwili na kusema ukweli mwavuli ni mtamu mpaka upepo uanze. Unakaa pakavu, kubadilisha lenzi hamna shida, ila mkono mmoja ushaliwa, afu ukishusha spidi ya shata (muda kamera inaoachia mwanga uingie) mpaka 1/30 ya sekunde ili mvua itoke mistari picha inatikisika tu. Na upepo ukiupindua ndo basi tena, unakimbiza mwavuli huku kamera inaloa.

Mfuko wa plastiki hauna sura kabisa, yani kama umebeba mizigo ya sokoni, lakini unatoboa tundu la lenzi, unakaza kwa raba bendi pale kwenye hudi (kile kikinga cha mbele ya lenzi), mikono yote huru, hata kulala kwenye tope unalala. Shida yake ukungu, pumzi yako inagonga plastiki ukichungulia hauoni kitu, na vitufe unavipapasa kwa kubahatisha. Afu kioo cha lenzi bado kiko wazi, kwa hiyo kitambaa kikavu mfukoni lazima.

Siku hizi naenda na mfuko, mwavuli labda niwe na mtu wa kunishikia. Radi ikianza acha vyote ukimbilie ndani.