RAM ya kununua ukitaka kuisukuma Ryzen: naanzia iliyo bora

Kaskazi ikishika Malindi, chumba chenye kompyuta huwa tanuri kufikia saa nane mchana. Ndiyo maana mtu akiniuliza habari za kuiovakloki prosesa, yaani kuisukuma iende kasi kuliko ilivyopangiwa kiwandani, humuuliza kwanza ana RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) gani na feni gani. Hapa nazungumzia Ryzen, prosesa za AMD, za soketi (kikalio cha prosesa) ya AM4, mifululizo ya 3000 na 5000.

Ya kwanza kwangu ni DDR4 (kizazi cha RAM cha AM4) ya 3600, hiyo ndiyo kasi yake, CL16, yaani mizunguko inayosubiri kabla ya kujibu, vipande viwili vya GB 8. Ndani ya Ryzen mna njia iitwayo Infinity Fabric, inayounganisha sehemu za prosesa, nayo hupenda kwenda sawa na nusu ya namba iliyoandikwa kwenye RAM. 3600 inadai MHz 1800, na nyingi za mifululizo hii hufika hapo bila taabu. Muda wa RAM kusubiri unaupiga hesabu mwenyewe: CL mara 2000, gawa kwa kasi. 16 mara 2000 gawa kwa 3600 ni kama nanosekunde 8.9. Ukiuziwa ya CL18, ni 10.

Ya pili, 3200 ya CL16. Piga hesabu ileile: 10 kamili, sawa na ile 3600 ya CL18! Njia ya ndani itakwenda 1600 tu, lakini prosesa haitoki jasho. Kama feni yako ni ileile iliyokuja kwenye boksi, chukua hii, usibishane.

Ya tatu ni DDR5 ya 6000, CL30. Nzuri sana, ila ni ya Ryzen 7000 iliyotoka 2022 na kuendelea. Kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya AM4 haiingii hata uisukume kwa goti.

Ya mwisho ni 4000 na kupanda. Mimi niliagiza Nairobi, ikaja kwa basi, nikashangilia namba. Prosesa yangu haikuweza 2000, njia ya ndani ikaachana na RAM, na gemu likawa zito kuliko lilivyokuwa na 3200 ya zamani. Tanga kubwa kuliko mlingoti.

Kipande kimoja cha GB 16 sikukiweka popote. Viwili vya 8 hufungua njia mbili kwa wakati mmoja. Kimoja huacha nusu ya barabara tupu, hata kiwe na kasi gani. Anayetumia Ryzen 5600G, yenye picha ndani yake, bila kadi ya picha ndiye ataumia zaidi, kwa sababu picha zake nazo hula RAM hiyohiyo.

Kabla hujalipa, tazama mazabodi ni ya aina gani: A320 hairuhusu kuisukuma prosesa, B450 inaruhusu. Ukifika nyumbani ingia kwenye baiosi (mipangilio ya mazabodi kabla kompyuta haijawaka) uwashe XMP, inayoipa RAM kasi iliyoandikwa juu yake, la sivyo 3600 yako itajiendea kwa 2133 au 2666 na hutajua. Iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha, prosesa ikiwa bado haijaguswa. Ukizisukuma RAM na prosesa siku moja na skrini ikawa buluu, utamlaumu nani?

Na kama ni ya mtumba, angalia meno yake ya dhahabu. Hewa ya chumvi ya huku huyatia doa. Yasugue polepole kwa ufutio wa penseli, upulize vumbi, ndipo uichomeke.