Uzoefu wangu: kuletewa mashine ya kilo 280 hadi getini

Nimepokea nyumbani mashine ya kurandia mbao, kilo 280 pamoja na kasha lake, na nitasema mapema nilichoona: dereva alifanya kazi nzuri sana, ofisi yake ilifanya kazi ya wastani, na kilichoamua kama ningelipwa fidia au ningebaki nalalamika ni muda mfupi ule kati ya lori kusimama na mimi kutia saini. Kwa hiyo mengi ya ninayoandika hapa yanahusu muda huo. Mengine nitayapitia haraka.

Kuagiza usafiri kulikuwa rahisi, ila bei ya kawaida ya mizigo ya namna hii inaishia ukingoni mwa barabara. Dereva akisimama mbele ya geti na kufungua milango ya nyuma, kwa mkataba kazi yake imekaribia kwisha. Kushusha kwa lifti ya lori, kuvusha geti, kuingiza ndani, yote hayo ni huduma za ziada na lazima yaombwe kabla lori halijapangwa. Ukurasa wa kuagizia hauliweki wazi hilo, na hapo nina kinyongo nao. Nilipiga simu kabla ya kulipa nikauliza maswali ya moja kwa moja: lori lina lifti nyuma? Lifti inabeba kilo ngapi? Dereva anakuja na troli ya paleti (paleti ni jukwaa la mbao ambalo kasha hukaa juu yake) au nitafute mwenyewe? Sakafu ya lori kubwa huwa juu ya ardhi kwa zaidi ya mita moja, na chuma cha kilo 280 hakishuki kutoka kimo hicho kwa nguvu za majirani. Atakayejaribu ataumia yeye, au ataumiza mashine.

Kipimo kingine cha kuwahi ni cha paleti yenyewe. Ile ya kawaida ya Ulaya ni milimita 1200 kwa 800, na nyingine nyingi ni 1200 kwa 1000. Wengi hupima mashine tu, kumbe kinachopita getini ni paleti na kasha lililokaa juu yake. Tena magurudumu ya troli ya paleti ni madogo na magumu. Kwenye kokoto au udongo hayaendi popote. Nilitandaza plaiwudi nene kuanzia getini hadi mlango wa karakana, na hiyo ndiyo iliyofanya kazi ya kuingiza iwe nyepesi.

Sasa lori limefika. Dereva alikuwa amenipigia akiwa njiani, jambo ambalo nalithamini, kwa sababu nilipata muda wa kuandaa tochi, rula ya chuma, mtaimbo mdogo, kalamu, na simu yenye chaji. Alipofungua milango nilimwomba asishushe kwanza. Nilipanda nikapiga picha kasha likiwa bado limefungwa mahali pake: pande zote, juu, na chini kwenye paleti. Picha ya mzigo ukiwa ndani ya lori ina uzito kuliko picha yoyote utakayopiga baadaye, kwa kuwa hakuna atakayekwambia uliuangusha mwenyewe uani.

Cha kwanza kunistua kilikuwa kibandiko cha kupimia mtikisiko. Ni kibandiko kidogo chenye kimrija cha kioo katikati. Mzigo ukipigwa kishindo kinachozidi kiwango kilichowekwa, kimrija kinageuka chekundu na hakirudi tena kuwa cheupe. Changu kilikuwa chekundu. Hapa watu wengi hukosea wakakataa mzigo papo hapo. Wekundu ule hauthibitishi kwamba kitu kimevunjika. Unasema tu kwamba mahali fulani njiani palitokea pigo. Kinachotakiwa ni kuandika kwenye hati ya kupokelea mzigo kwamba kimefika kikiwa chekundu, kisha kukagua kwa makini zaidi.

Nikaanza kutafuta pigo lilipotua. Kona ya chini upande wa kulia palikuwa na tundu, na nyuzi za ubao zilikuwa zimeinama kuelekea ndani. Ubao uliosukumwa na kitu kilicholegea ndani ya kasha ungepasukia nje. Huu ulichomwa kutoka nje, kwa kimo cha uma wa foklifti ulioinuliwa kupita mahali pake. Halafu nikaona nailoni ya kuzungushia ni ya aina mbili: ya ndani imebana vizuri tangu chini hadi juu, ya nje imezungushwa ovyo nusu ya kasha. Mzigo uliofungwa mara moja kiwandani hauwi hivyo. Huu uliguswa na watu wengine njiani. Na mkanda mmoja ulikuwa umelegea kiasi cha kupitisha kiganja.

Dereva alisimama pembeni akinitazama, na nilitegemea anihimize, maana madereva hawa wana mizigo mingine inayowasubiri. Badala yake aliniambia, "Kaka, kagua tu taratibu. Mimi nikishaondoka, ofisini hawatakuuliza wewe, wataisoma karatasi." Sijawahi kusikia mtu akieleza kazi hii vizuri kuliko hapo. Nilimwomba ruhusa nibandue ubao mmoja karibu na tundu, akakubali na akanishikia tochi.

Ndani, usukani wa chuma wa kupandishia meza ulikuwa umekatika spoki moja. Usukani huo ni wa chuma cha kusubu, ambacho hakipindi. Kikizidiwa kinakatika kama kigae. Sehemu iliyokatika ilikuwa na rangi ya kijivu yenye chembechembe zinazometameta, safi kabisa, bila doa la kutu. Mvunjiko wa zamani huanza kushika kutu au vumbi. Huu ulikuwa mpya. Niliupiga picha kwa karibu rula ikiwa pembeni yake, kisha nikapiga nyingine kwa mbali ili ionekane tundu la nje na usukani wa ndani viko kwenye mstari mmoja.

Kisha kuandika. Wengi huandika "nimepokea, nitakagua baadaye" wakadhani wamejilinda. Maneno ya jumla namna hiyo hayasaidii sana, kwa sababu hayasemi kitu gani kilikuwa na kasoro wakati mzigo unakabidhiwa. Mimi niliandika hivi: kasha limetobolewa upande wa kulia chini, tundu la sentimita 14, kibandiko cha mtikisiko chekundu, mkanda 1 umelegea, nailoni imefungwa upya, usukani umevunjika spoki 1. Nikaweka tarehe na saa, nikamwomba dereva asaini chini ya maelezo yangu, nikapiga picha karatasi nzima.

Lawama yangu kubwa kwa kampuni iko hapa. Dereva alikuwa pia na kifaa cha kusainia kwa kidole, na kwenye skrini kinachoonekana kwanza ni kisanduku cha saini tu. Nafasi ya maoni ipo, lakini imefichwa ukurasa wa pili, na usipouliza hutaiona. Mtu mwenye haraka atasaini kwamba mzigo umefika salama huku tundu analiona kwa macho yake. Niliomba ukurasa huo ufunguliwe, nikaingiza maelezo yaleyale ya kwenye karatasi. Kampuni inayowaheshimu wateja wake ingeliweka swali la hali ya mzigo kabla ya saini.

Je, kwa nini sikukataa? Kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa nzima kwa kadiri nilivyoweza kuona, na mzigo uliokataliwa huenda ghalani, ambako gharama za kuuhifadhi zinaweza kuanza kuhesabika huku muuzaji na msafirishaji wakivutana. Kukataa kuna mahali pake: kasha limepondeka, mashine imelala ubavu, mafuta yanavuja, au mzigo siyo wa kwako. Kwa kipande kinachoweza kubadilishwa, kupokea huku umeandika kasoro kulinifaa zaidi.

Kushusha kulikwenda vizuri. Ushauri wangu mmoja tu: mtu yeyote asisimame nyuma ya paleti inapokuwa kwenye lifti, wala upande wa chini wa mteremko. Mashine kama hizi uzito wake uko juu, na zikianza kuinama hakuna anayezizuia. Na mikanda ya chuma ikatwe na mtu aliyevaa glavu na miwani, akiwa amesimama kando, kwa maana huruka ikikatwa.

Kuna wanaoacha kasha limefungwa mpaka wapate nafasi ya kufunga mashine. Nawasihi msifanye hivyo. Uharibifu usioonekana kwa nje una muda wake wa kutolewa taarifa, na muda huo ni mfupi. Kwa mizigo inayovuka mipaka kwa barabara chini ya mkataba wa CMR wa mwaka 1956, ni siku 7 tangu kupokea, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu, na lazima iwe kwa maandishi. Kwa bahari, kanuni za Hague za mwaka 1924 zinatoa siku 3 tu. Kwa ndege, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unatoa siku 14. Usafiri wa ndani ya nchi una sheria na masharti yake, kwa hiyo soma nyuma ya hati yako siku hiyohiyo.

Mimi nilifungua kila kitu jioni ileile. Niliondoa grisi ya kuzuia kutu, nikazungusha ngoma ya visu kwa mkono kusikiliza beringi, nikaweka rula juu ya meza kutafuta mwanga unaopenya chini yake. Meza ilikuwa sawa. Lakini nilipoipandisha, kila mzunguko ilikuwa ikikaza mahali palepale kisha ikilegea. Skrubu ya kuinulia meza ilikuwa imepinda kidogo, pigo lilelile la kwenye usukani likiwa limepita hadi kwake. Nilimwandikia muuzaji na msafirishaji usiku huo pamoja na picha na video fupi. Muuzaji nilimweka wa kwanza, kwani mara nyingi yeye ndiye mwenye mkataba na msafirishaji.

Madai ya usukani hayakusumbua. Yalikuwa kwenye hati, dereva amesaini, wakakubali. Ya skrubu yalikuwa vita. Walianza kwa kusema saini yangu inaonyesha usukani tu. Kilichonisaidia ni mambo mawili: maelezo ya tundu na kibandiko yaliyokuwa tayari kwenye hati, na kasha lenyewe, ambalo nililitunza zima. Mkaguzi wao alikuja, akaweka kipimo kwenye tundu, akafuata mstari wa pigo kwa kidole mpaka kwenye skrubu. Ningekuwa nimechoma zile mbao asingekuwa na cha kuangalia.

Kuhusu bima, wengi hawajui kwamba fidia ya msafirishaji mara nyingi ina kikomo kinachohesabiwa kwa kilo. CMR inaweka kikomo cha SDR 8.33, kipimo cha fedha cha IMF, kwa kila kilo ya sehemu iliyopotea au kuharibika. Kwa kipande chepesi cha bei kubwa, kama kisanduku cha umeme cha mashine, kiwango hicho hakifiki mbali. Nilikuwa nimelipia bima ya thamani kamili na nitailipia tena.

Kwa mafundi wenzangu: mbao za kasha ni nzuri, ila angalieni muhuri wenye alama ya suke la ngano kabla hamjazitumia. HT maana yake ubao umepashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, na huo nautumia bila wasiwasi. MB ni ubao uliofukizwa methili bromaidi, na huo siwezi kuuweka kwenye kitanda cha mtoto wala rafu ya jikoni.

Dereva nampa nyota 5. Ofisi nyota 2, na ya pili ni kwa sababu walimtuma mkaguzi anayejua kazi yake. Usukani mpya umefika na umekaa sawasawa. Skrubu wamekubali kwa maandishi kuileta, lakini bado sijaiona. Ikifika nitaongeza hapa ilichukua muda gani.