Akaunti za benki za kwa simu: kabla uangalie chaji, uliza hii pesa inashikwa na nani

Haya watu wangu, karibuni, niko hapa Kisumu na leo tunachambua hizi akaunti za benki za kufungulia kwa simu, zile hauhitaji kupanga foleni pale Oginga Odinga Street tangu asubuhi ndio upewe fomu. Hii swali nimeulizwa sana na watu wa mitumba hapo Kibuye na pia na vijana wanafanya kazi za mtandaoni wakilipwa na watu wa nje, na wote wanaanzia mahali pamoja, ati gani iko na chaji ndogo. Mimi nawaambia chaji ni ya baadaye. Ya kwanza ni, siku hii akaunti ikifungwa, pesa yako itakuwa mikononi mwa nani na utaitoa aje.

Kwa sababu zinafungwa, na hazipigi hodi. Kuna mama mmoja anauza omena, jina lake naliacha na benki pia naiacha, alifungua akaunti kwa apu ikafanya kazi poa kabisa, halafu wakaanza chama na wenzake sokoni na yeye ndio akawa anashika pesa. Sasa kila Jumapili jioni michango inaingia kwa akaunti yake binafsi, mia tano mia tano, elfu moja, kutoka kwa laini tofauti tofauti, na Jumatatu alfajiri anatoa yote mara moja anampa mwenye zamu. Siku moja akaamka akapata meseji, nimeisoma na macho yangu: mpendwa mteja, akaunti yako imefungwa kulingana na masharti na vigezo, tafadhali tembelea tawi. Basi, imeisha hapo. Hakuna sababu, hakuna jina la mtu wa kuuliza, hakuna tarehe ya kurudishiwa pesa, na hiyo pesa ndani si yake peke yake, ni ya akina mama wengine ambao jioni hiyo walikuwa mlangoni kwake.

Hebu tuangalie vile kompyuta ya benki iliona hiyo akaunti. Pesa ndogo ndogo kutoka kwa watu wengi, inalala usiku mmoja, inatoka yote. Yule mtu anapitisha pesa za wizi wa mtandao, akaunti yake inakaa hivyo hivyo. Kompyuta haijui chama, inajua tu kwamba ulipofungua ulijaza ni akaunti ya matumizi yako ya nyumbani. Na Kenya tuko na sheria ya kuzuia pesa haramu ya mwaka wa 2009, inalazimisha benki kuripoti kitu chochote wanashuku kwa Financial Reporting Centre, ile ofisi ya serikali inafuatilia pesa haramu, na wakisharipoti ni kosa kukudokezea wewe. Ndio maana unapiga kastama kea yule dada anakurudia maneno yale yale, masharti na vigezo, masharti na vigezo, unaona kama anakudharau. Mara nyingi hata hajui, na akijua haruhusiwi kusema. Tafadhali usimtukane, utamhitaji akupe namba ya malalamiko. Lakini mimi sitetei benki hapa. Kufunga akaunti ni haki yao, kukalia pesa ya mtu bila hata kumpa barua inaumiza watu wadogo na inafaa ikome.

Sasa tuchague. Nitaanza na mfanyabiashara wa hapa hapa, yule wa Kibuye, Kondele, hata Nakuru ama Kakamega ni mambo yale yale. Kama unataka tu mahali pa kuweka akiba kidogo, M-Shwari iko tangu 2012, unaifungua ndani ya menyu ya M-Pesa, na kutoa pesa M-Shwari kuirudisha M-Pesa ni bure. Watu wengi hawajui ile ni akaunti ya benki kabisa, iko NCBA. KCB M-Pesa ilikuja 2015, nayo ni hivyo hivyo lakini benki ni KCB. Hizo ni za akiba na mkopo mdogo, na mkopo wa M-Shwari unakatwa asilimia 7.5 hata ukilipa mapema, kwa hivyo usiuzoee.

Kama unauza kila siku unataka akaunti kamili, na hapo mimi naangalia kitu tatu tu. Je, iko na tawi hapa mjini naweza kuingia na kitambulisho changu nikae mbele ya mtu? Je, iko na namba ya kupiga bila bandali, kama ile ya Equity *247# ama ya KCB *522#, kwa sababu apu ikikufungia nje asubuhi ya soko ni hiyo namba itakuonyesha kama pesa bado iko. Na je, iko na Pesalink, ambayo inahamisha mpaka shilingi 999,999 kwa mara moja kutoka benki hadi benki. Hii ya mwisho watu huipuuza, na ukikumbuka M-Pesa inabeba 500,000 peke yake na kutuma ni 250,000 kwa mara moja, siku unaambiwa uhamishe pesa yako yote utajua kwa nini nasema hivi. Loop ya NCBA pia ni nzuri kwa mtu anapenda kila kitu kwa simu, ina mpangilio safi wa kuona matumizi yako, lakini bado nakwambia ujue tawi lao liko wapi.

Halafu kuna hii mambo ya bima. Benki yenye leseni ya Central Bank, pesa yako inalindwa na KDIC, shirika la serikali la bima ya pesa za benki, mpaka shilingi 500,000 kwa mtu mmoja kwa benki moja, zamani ilikuwa 100,000, ikapandishwa Julai 2020. Wale mlikuwa na pesa Imperial Bank Oktoba 2015 ama Chase Bank Aprili 2016 mnaelewa maana ya hiyo namba kuliko mimi. Lakini sikizeni vizuri, KDIC inalipa benki ikianguka. Wewe ukifungiwa akaunti na benki bado imesimama, KDIC haihusiki.

Na hapo ndio nageukia frilansa, na omera, ndugu yangu, naomba unisikilize. Zile apu zinakupa namba ya akaunti ya Marekani ndani ya dakika tano, nyingi si benki. Ni kampuni imesimama katikati, na wakati mwingine katikati kuna kampuni nyingine, na benki yenyewe iko huko mwisho kabisa haikujui. Mwaka wa 2024 Marekani kulikuwa na kampuni moja ya katikati inaitwa Synapse, apu kama Yotta zilikuwa zinaitumia, ikafilisika mwezi wa Aprili, na Mei watu zaidi ya laki moja wakafungiwa nje ya pesa zao. Benki moja inasema pesa iko kwa yule, yule anasema vitabu havilingani, na hesabu ikakosa mamilioni ya dola. Bima ya serikali ya Marekani, FDIC, inayolinda mpaka dola 250,000, haikulipa, kwa sababu hakuna benki ilianguka, kilichoanguka ni yule wa katikati. Watu walikuwa wameona neno FDIC kwa apu wakalala usingizi. Kwa hivyo hizo apu zitumie, mimi sikukatazi, lakini ziwe njia ya kupitia. Mteja akilipa, pesa ihame siku hiyo hiyo iende akaunti ya dola kwa benki ya hapa yenye leseni, na zipo benki nyingi zinafungua.

Haya, ukifungua, mambo ya kuzuia kufungiwa. Jina lako kwa kitambulisho, kwa laini ya simu na kwa PIN ya KRA, ile ya kodi, ziwe moja herufi kwa herufi. Huku kwetu hii inasumbua sana, mtu kitambulisho kimeandikwa Atieno, laini ni ya bwana yake, akaunti anajiita Mama nani, halafu pesa kubwa ikiingia mfumo unakwama. Pesa ya chama ifunguliwe akaunti ya chama, na cheti cha kikundi na watu watatu wa kusaini, kwa jina la mtu mmoja isikae hata wiki moja. Ukitarajia pesa kubwa kuliko kawaida, umeuza shamba ama gari, peleka mkataba kwa tawi kabla pesa iingie. Na kila mwisho wa mwezi pakua stetimenti uiweke kwa imeili yako, kwa sababu akaunti ikifungwa apu haifunguki na huna ushahidi wa hata shilingi.

Na kama imeshafungwa? Kwanza simamisha pesa zinazoingia, waambie wateja wako na mwajiri leo, si kesho. Piga skrinishoti ya hiyo meseji. Halafu uliza swali moja, hii akaunti imefungwa, imelala ama imeshikwa? Ikiwa imelala tu kwa kukaa bila kutumika, unaenda na kitambulisho inaamshwa, lakini usiiache miaka mitano, hapo pesa inapelekwa kwa UFAA, mamlaka ya serikali inashika mali isiyodaiwa na mwenyewe, na unaanza kuifuata huko. Ikiwa imeshikwa kwa amri ya korti, kelele za kaunta hazisaidii, uliza namba ya kesi utafute wakili. Ikiwa benki imeamua tu kufunga, andika. Kupiga simu peke yake haitoshi. Andika barua ama imeili, omba vitu viwili, salio lako na lini utalipwa, eleza pesa ilitoka wapi na uambatanishe risiti, daftari la chama, chochote uko nacho, na wakupe namba ya malalamiko. Wasipojibu, peleka hiyo namba na barua zako Central Bank, wanapokea malalamiko ya wateja wa benki. Na kama salio halipiti milioni moja, kuna Mahakama ya Madai Madogo, unaweza kujisimamia bila wakili na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60.

Yule mama wa omena ndio yuko hapo kwa kuandika, amebeba daftari la chama lenye sahihi za wenzake wote. Wewe kama yamekupata niandikie hapo chini, usitaje namba ya akaunti yako wala PIN, niambie tu meseji ilisema nini na umefika hatua gani. Video inayofuata nitaonyesha vile akaunti ya kikundi inafunguliwa, makaratasi moja moja.