Rekoda ya kunasia wazo la wimbo: Zoom R4 au TASCAM DP-006?

Karibuni tena, ndugu zangu mnaotunga. Leo nina rekoda mbili hapa mezani, TASCAM DP-006 na Zoom R4. Zote ni ndogo, zote zinatumia betri nne za AA, na zote zinauzwa kama mashine za kurekodi traki nyingi, yaani sauti kadhaa zinazorekodiwa kila moja peke yake, popote ulipo. Nitawaambia wazi ninayoipenda na kwa nini.

Tuelewane kwanza. Hapa hatutengenezi albamu. Melodi imekujia, unataka kuiimba na gitaa, halafu papo hapo uweke sauti ya pili juu yake usikie kama zinaoana. Kinasa sauti cha kawaida cha simu kitakuhifadhia ile ya kwanza tu, na kwangu mimi sauti ya pili ndiyo inayoonyesha kama wazo lina uhai. TASCAM walilitambua hilo mapema: mwaka 1979 walitoa Portastudio, mashine ya traki nne iliyotumia kaseti ya kawaida, na mtunzi akaweza kujipangia sauti zake peke yake nyumbani.

Kwa hiyo idadi ya traki isikupumbaze. DP-006 ina sita, R4 ina nne, na mtu atakimbilia sita. Lakini R4 ina traki nyingine ya kukusanyia. Ukizijaza zote nne unazichanganya huko, kisha unarudi kurekodi upya kwenye zile nne. Hadhari moja: ukishakusanya na kurekodi juu ya zile za mwanzo, huwezi tena kupunguza gitaa peke yake. Sikiliza mchanganyiko vizuri kabla hujaendelea.

Sasa njooni kwenye tofauti kubwa. Sikilizeni hii. Nimenong'ona ubeti karibu kabisa na maiki, halafu nikapaza kiitikio kwa nguvu zangu zote, bila kugusa kitufe chochote. Kwenye DP-006 mita ya kiwango cha sauti imegonga juu na kiitikio kimepasuka, na sauti iliyopasuka hivyo hairudi. Ili isipasuke ningepaswa kupima kiwango kabla ya kuanza, na kipande kikali cha wimbo huwa hakisubiri upime. R4 inarekodi kwa mfumo wa 32-bit float, wenye nafasi kubwa kiasi kwamba mnong'ono na ukelele vinaingia pamoja, nawe unavisawazisha baadaye. Haiondoi kelele za chumba, hilo mlijue. Feni ikivuma, itavuma pia kwenye rekodi.

Gharama yake ni ukubwa wa faili. Traki moja ya mono (sauti ya njia moja) kwenye DP-006, kwa vipimo vya ubora wa sauti vya 16-bit na kilohezi 44.1, inakula takriban MB 5.3 kwa dakika. Kwa 32-bit float kwenye kilohezi 48 ni kama MB 11.5. Hata hivyo kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya saa 40 za traki kama hiyo, kwa hiyo kwa mawazo ya nyimbo silioni tatizo.

DP-006 nayo ina uzuri wake. Maiki mbili za ndani zinanasa gitaa la mbao kwa upana unaopendeza, na haina mambo mengi ya kukupoteza. Ila matundu yake ni ya jeki kubwa tu, haina XLR, tundu la pini tatu la maiki za studio, wala umeme wa volti 48 kwa maiki za kondensa, zile zinazohitaji umeme ili zifanye kazi. Na kinachonichosha zaidi: kazi yako inakaa kwenye sehemu ya kadi ambayo kompyuta haiioni. Lazima kwanza uhamishe traki kuwa faili za WAV ndani ya mashine yenyewe, ndipo uzichukue. Ukiwa na mawazo mengi, mengi yatabaki humo humo.

Chaguo langu ni R4. Kama tayari una DP-006 na unaimba kwa utulivu, usihangaike kubadilisha.

Mashine yoyote utakayochukua, vaa hedifoni za waya zilizofunika masikio. Zile za bluetooth zinachelewesha sauti, na sauti yako ya pili itaingia nyuma ya mdundo hata kama umeimba sawasawa. Zilizo wazi nazo zinavujisha ile ya kwanza ndani ya maiki. Washa metronomu, ile inayogonga mapigo, kabla ya traki ya kwanza, hata kwa sauti ndogo, la sivyo kuongeza ngoma baadaye ni mateso. Na anza kila rekodi kwa kutamka ufunguo wa wimbo na kodi (chords) unazopiga, kwa sababu jina la faili halitakukumbusha.

Kama unanunua iliyotumika, usiridhike kwa kuiona inawaka. Weka betri, siyo adapta. Rekodi traki ya kwanza, imba ya pili juu yake, izime, iwashe tena, halafu cheza zote mbili. Zungusha kila swichi ya sauti polepole ukiwa na hedifoni masikioni, ikikwaruza, iache.