Thessaloniki: nyota nne, na ya tano nimeibania

Anayetafuta nyumba nyeupe zenye madirisha ya buluu aende visiwani. Thessaloniki, mji wa pili kwa ukubwa Ugiriki, ni mji wa maghorofa: vibaraza juu ya vibaraza, kuta zimechorwachorwa rangi, magari yameegeshwa mpaka kwenye njia za waenda kwa miguu. Saa ya kwanza nilinuna. Kisha nikakata kona moja nikakuta kanisa la matofali la enzi za Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki, limezama chini ya usawa wa barabara, akina mama wanaingia kuwasha mishumaa na mifuko yao ya sokoni mkononi. Hapo nikalegea.

Kilichonifurahisha kuliko vyote kiko chini ya ardhi, na tiketi yake ni ya treni. Metro ilifunguliwa Novemba 30, 2024, wakati ujenzi ulianza 2006. Kila walipochimba walikutana na mji mwingine. Vitu vya kale zaidi ya 300,000 vilitolewa. Shuka stesheni ya Venizelou. Pale walikuta barabara kuu ya zamani, imetandikwa marumaru, na mabaki ya maduka kandokando. Ugomvi ukawaka miaka mingi, hadi mahakamani: wengine wanataka mawe yasiguswe, serikali inataka treni ipite. Mwishowe yaling'olewa, stesheni ikajengwa, yakarudishwa palepale. Nauli haifiki euro moja. Nitajie makumbusho mengine ya bei hiyo.

Waliokulia kanisani watauliza habari za Paulo, maana zile nyaraka mbili kwa Wathesalonike ziliandikiwa watu wa hapa. Nisiwadanganye: hakuna jiwe utakaloonyeshwa kwa uhakika kwamba alisimama juu yake. Monasteri ya Vlatadon, juu kabisa mtaa wa Ano Poli, ina mapokeo kuwa alihubiri hapo. Nenda hata kama huyasadiki, kwa ajili ya tausi wanaoranda uani na ghuba nzima iliyotandazwa chini yako. Siku isiyo na ukungu, mlima Olympus unaonekana ng'ambo ya maji. Mwenye magoti mabovu achukue teksi, ngazi za huko hazina huruma. Ano Poli ilinusurika moto wa Agosti 1917, ulioteketeza katikati ya mji na kuacha watu zaidi ya 70,000 bila makazi. Ndiyo sababu huku chini barabara zimenyooka, zilipangwa upya na msanifu majengo Mfaransa Ernest Hébrard, na kule juu vichochoro bado vinajipinda vitakavyo.

Mnara Mweupe, alama ya mji iliyo ufukweni, ambao si mweupe, piga picha kwa nje upite. Rotunda usiiruke: jengo la duara la karne ya 4, limekuwa kanisa, likawa msikiti, na mnara wa adhana bado umesimama pembeni yake.

Kuna jambo ambalo vipeperushi vya utalii hulipitia juu juu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Wayahudi wapatao 50,000 waliishi hapa, wengi wakizungumza Kihispania cha mababu zao waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Mwaka 1943 Wajerumani waliwapakia kwenye treni kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji, na walio wengi mno hawakurudi. Chuo Kikuu cha Aristotle kimejengwa juu ya makaburi ya zamani ya Wayahudi hao. Nilipita pale, wanafunzi wamekaa kwenye nyasi wanakunywa kahawa, na kama hujaambiwa huwezi kujua. Ukumbusho upo, lakini uutafute.

Sasa chakula. Asubuhi ni koulouri, mkate wa duara uliojaa ufuta, unaouzwa mitaani. Au bougatsa, maandazi ya tabaka jembamba yenye krimu, jibini au nyama ya kusaga. Mchana kome wa ghuba hiyo, na wali. Ndugu zangu Waislamu, angalieni: gyros, nyama ya kuchoma inayokatwa vipande vyembamba, hapa kwa kawaida ni kitimoto, kwa hiyo taja kuku kabla hujalipa. Wanaopenda kahawa baridi wajue frappé ilibuniwa hapa, kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya 1957. Katika mgahawa mmoja wa ufukweni niliwekewa mkate na maji ambavyo sikuviagiza, vikatokea kwenye bili. Rudi mtaa mmoja nyuma, bei inashuka na mpishi ana muda na wewe.

Nyota niliyoibania ni ya bahari. Ipo mbele yako kilomita kadhaa, kuna njia nzuri ya kutembea jioni, lakini katikati ya mji haifai kuogelea. Panda basi uende Halkidiki, rasi yenye fukwe za kuogelea. Metro nayo haijafika uwanja wa ndege, tumia basi la jiji. Viza ni ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Mei au Oktoba ndiyo miezi ya kwenda, Agosti joto linachemsha na wenyeji wengi wamekimbilia pwani.