Famsiklovir kwa paka mwenye macho ya virusi: inafanya kazi, mradi dozi itimie

Paka anafumba jicho moja, matongo yamekaukia konani, pua inachuruzika na chafya haziishi. Mara nyingi huyo ana virusi vya hepesi vya paka, FHV-1, ambavyo havimwambukizi binadamu. Mwenye paka akieleza hali hiyo kwenye duka la dawa, hurudi nyumbani na tyubu ya mafuta ya macho ya tetrasaiklini ya asilimia 1. Ni dawa nzuri na ya bei nafuu, lakini kazi yake ni bakteria, virusi haivigusi. Inayovigusa ni famsiklovir, na tunasema wazi kwamba inastahili kutafutwa hata kwa kuzunguka maduka matatu.

Ni tembe za binadamu, za kutibu mkanda wa jeshi na malengelenge ya hepesi, na zipo za miligramu 125, 250 na 500. Kwenye boksi hakuna neno lolote kuhusu paka, kwa hiyo kila kitu kinategemea dozi aliyoandika daktari wa mifugo. Na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Dozi inayofaa ni miligramu 90 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Paka wa kilo 4 anahitaji kama miligramu 360, na kinachokaribia hapo ni tembe moja ya 250 na moja ya 125 asubuhi, na vivyo hivyo jioni. Mtoto wa paka wa kilo 1 anatosheka na robo tatu ya tembe ya 125. Mpime kwa mzani, usikisie. Mfamasia anaweza kushtuka, maana mtu mzima mwenye mkanda wa jeshi humeza 500 mara tatu kwa siku, na huyu ni paka. Cheti hakijakosewa. Famsiklovir ikimezwa haipambani na virusi moja kwa moja. Ni lazima mwili uigeuze iwe pensiklovir, na kimeng'enya cha ini kinachokamilisha mageuzi hayo ni dhaifu mno kwa paka. Ndiyo maana inaingia nyingi ili ifike kidogo kwenye machozi. Wapo madaktari wanaoandika 40 kwa kilo, na paka hupata nafuu, ila taratibu zaidi. Kwa kidonda cha jicho tungechagua 90.

Ubaya wa tembe hizi ni uchungu. Ukiikata, ule utando wa juu unavunjika, unga unagusa ulimi, na paka anatoa povu na mate hadi mwenye nyumba anadhani amemlisha sumu. Weka vipande ndani ya kapsuli tupu ya jelatini, ipake siagi kidogo, iweke nyuma kabisa ya ulimi, kisha mpe maji mililita 3 hadi 5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukipitishia pembeni mwa mdomo. Usiisage kwenye bakuli la chakula: atanusa, ataonja mara moja, ataondoka, na hutajua ameingiza kiasi gani.

Macho huanza kufunguka ndani ya wiki moja hivi. Kosa la kawaida ni kuacha siku ya nne kwa kuwa paka anacheza tena. Dawa hii inazuia virusi visizaliane, haivifukuzi mwilini. Vinabaki vimejificha kwenye neva ya hisia za uso maisha yote. Endelea mpaka macho yawe safi, kisha ongeza kama wiki moja.

Lakini usinunue kabla ya jicho kuchunguzwa. Uvimbe mkubwa wa utando wa ndani ya kope, ulioanzia jicho moja, bila chafya nyingi, unaelekea zaidi kwenye klamidia, na hiyo ni bakteria: inatibiwa kwa doksisaiklini miligramu 10 kwa kilo kwa siku, wiki 4 kamili, kila tembe ikifuatiwa na maji ili isinate kooni na kulichoma. Vidonda kwenye ulimi vinaashiria kalisi, virusi vingine ambavyo famsiklovir haivitibu.

Kipimo chenye thamani kuliko vyote ni kikaratasi cha rangi ya fluoresini. Daktari analowanisha ncha yake kwa tone la maji ya chumvi safi, anagusisha kwenye weupe wa jicho, paka anapepesa, rangi inasafishwa, kisha taa ya bluu inamulikwa. Palipochubuka kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho, panang'aa kijani. Mchubuko wa ukucha mara nyingi ni mstari. Wa hepesi unatawanyika kama vijiti vya mti mkavu, vyembamba, vyenye matawi. Ukiona matawi hayo, hakuna haja ya kubishana juu ya jina la ugonjwa. PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi kwenye pamba iliyopakwa jichoni, ni ghali, na majibu yake yanapotosha kwa urahisi, kwa sababu paka mzima aliyebeba virusi, au aliyechanjwa karibuni, naye anaweza kuonekana navyo.

Kuhusu mbadala: matone ya sidofovir ya asilimia 0.5 ni mazuri sana na ni mara mbili tu kwa siku, ila lazima yachanganywe na mfamasia maalumu. Mafuta ya macho ya asiklovir yanasaidia yakipakwa mara 5 kila siku bila kuruka. Paka wengi hawakubali mara 5. Lisini, asidi amino inayouzwa kama kirutubisho, tungeiacha kabisa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalihitimisha kwamba haisaidii na hayakupendekeza itumike.

Sasa jambo linaloua. Majina famsiklovir, asiklovir na valasiklovir yanafanana, na muuzaji mwenye nia njema anaweza kusema "hiyo haipo, chukua hii, ni ileile." Si ileile. Valasiklovir inaharibu uboho, ini na figo za paka. Soma jina kwenye pakiti ya tembe zenyewe, herufi kwa herufi, kabla ya kulipa. Vilevile kataa matone yenye steroidi, kama deksamethasoni au betamethasoni: wekundu utapungua kesho, huku kidonda kikichimbika na virusi vikipata nafasi.

Tetrasaiklini nayo isitupwe. Mstari mwembamba ndani ya kope ya chini, mara 3 kwa siku, unalinda jicho lililochubuka dhidi ya bakteria wakati famsiklovir inafanya kazi yake. Futa matongo kwanza kwa pamba na maji ya chumvi ya uvuguvugu, pamba moja jicho moja, kuanzia konani kwenda nje.

Kwa paka mzee apimwe figo kabla ya kuanza, maana dawa hutoka mwilini kupitia huko na dozi hupunguzwa zikiwa dhaifu. Rangi ya fluoresini irudiwe baada ya siku 5 hadi 7. Kidonda kisipopungua, au likitokea doa la kahawia katikati ya konea, tembe hazitaliondoa. Hapo anahitajika mpasuaji wa macho.